Kitabu cha Bi Agnesi na Vingine vya Kuazima

Baba mdogo wangu Yohana alisema nitashindwa mara tatu. Alisema hakuna Mkristo wa mji huu atakayekubali kuniazima kitabu chake. Alisema nikiazimwa, hakuna atakayekuja kukisoma. Kisha akasema, kwa sauti iliyofika barazani kwa jirani, kwamba hata vikisomwa sitarudisha kimoja, kwa sababu katika ukoo wetu kitu kikiazimwa kinakuwa cha nyumbani. Hilo la tatu lilikuwa na ushahidi. Birika alilokuwa akichemshia chai wakati anasema hayo lilikuwa la marehemu mama yangu.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaoingia kazini sasa. Mwezi uliopita niliwakabidhi funguo, nanyi mkanipa saa ya ukutani, nami nikashukuru, ingawa mstaafu ndiye mtu asiyehitaji sana kujua saa ngapi. Mliniuliza maktaba yetu ndogo ya vitabu vya imani ilianzaje. Vyeo sitavitaja, na mshahara nikiutaja mtaacha kazi. Nitawaambia miaka saba tu, tangu 1964 niliporudi kutoka bara hadi 1971 nilipomaliza kuwalipa wote walioniazima. Hao walioniazima hawakuniazima fedha. Waliniazima vitabu, na kitabu ni kigumu zaidi kulipa.

Mapenzi yangu ya kusoma yalianza na njugu. Nilizaliwa Kikwajuni, mtoto wa mpagazi wa bandarini aliyetoka bara, na nyumbani hatukuwa na kitabu chochote. Lakini muuza njugu wa mtaani alifungia njugu zake kwenye kurasa za vitabu na magazeti makuukuu. Nilikuwa nikinunua, njugu nampa dada yangu, karatasi naikunjua na kuisoma pande zote mbili. Siku moja nikapata ukurasa wa hadithi ya mjane Mkristo aliyemficha uvunguni mtu aliyemwibia. Wanaomtafuta mwizi wanabisha hodi, mjane anateleka chungu kana kwamba hakuna jambo, na karatasi inaishia hapo. Nilinunua njugu wiki nzima. Ukurasa uliofuata sikuupata. Nilikuja kukipata kitabu kizima miaka kumi na moja baadaye, huko bara, kwenye rafu ya chuo, nikakisoma nimesimama mpaka mlinzi akaja kufunga mlango. Ukutubi wangu ulianzia hapo. Sikutaka mtu mwingine aachwe na chungu mekoni asijue kilichofuata.

Bara nilikwenda bila jamaa na bila barua ya mtu. Mchana nilisoma, jioni niliosha sahani za wanafunzi wenzangu, na kwenye mtihani wa mwisho wenye sahani zao wote walikuwa nyuma yangu. Nikapata Diploma ya Ukutubi. Naiandika kwa herufi kubwa kwa sababu wakati ule sikumjua Mkristo mwingine Unguja nzima aliyekuwa nayo, na kama alikuwepo hakujitokeza.

Nilirudi mwishoni mwa 1964, mwaka wa Mapinduzi. Meli iliyonileta ilishusha watu wachache na kupakia wengi. Pale gatini mzee mmoja wa forodha alilitazama sanduku langu, akanitazama na mimi.

"Wenzio wanatoka, wee unaingia?"

"Naam."

"Umesahau nini huku?"

"Nimekuja kufungua maktaba."

Akalirudishia sanduku kifuniko bila kulipekua. Nadhani alinionea huruma.

Padri wetu alinipokea vizuri. Aliniambia, "Chumba ninacho. Vitabu sina. Vilivyokuwepo vimeliwa."

"Vimeliwa na nani, Baba?"

"Njoo uone."

Kilikuwa chumba cha uani nyuma ya kanisa, katikati ya Mji Mkongwe, kuta nene za chokaa zinazotoa jasho mwaka mzima. Juu ya rafu moja palikuwa na majalada yamesimama sawasawa kama askari. Nikavuta moja, likaja jepesi mkononi. Mchwa walikuwa wamekula kila ukurasa na kuacha jalada tu. Siku hiyo ya kwanza nilifanya kazi mbili: nilifagia, na nikatundika diploma yangu ukutani. Padri aliitazama kwa heshima.

"Bwana Silvano, hapo ulipotundika ndipo msalaba ulipokuwa."

"Nimeuweka pale pembeni, Baba."

"Hebu vibadilishane nafasi."

Vikabadilishana. Diploma ikaenda pembeni, ambako kwa kweli mwanga wa dirisha ulikuwa mzuri zaidi.

Kwa kuwa sikuwa na vitabu, niliamua kuviazima. Nilizunguka nyumba za Wakristo, za Mji Mkongwe na za Ng'ambo, upande wa pili wa mji, nikiomba kitabu kimoja kimoja. Kila aliyeniazima nilimpa kadi niliyoiandika kwa hati yangu nzuri: "Kitabu hiki kitarudi kikiwa kizima kuliko kilivyokuja. Silvano, Diploma ya Ukutubi." Watu kumi na mmoja waliniamini, nikapata vitabu thelathini na vinne. Wa kwanza alikuwa Baba mdogo Yohana, ili ajipatie haki ya kucheka. Alinipa kitabu cha sala kisicho na jalada, kimefungwa kwa utambi wa taa.

"Kiage," alimwambia mkewe mbele yangu. "Hutakiona tena."

Wa mwisho alikuwa Bi Agnesi wa Kikwajuni, mjane wa katekista aliyeitwa Kilemensi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na kitabu kimoja kilichofungwa ndani ya kipande cha kanga. Kilikuwa hadithi ya mwokaji mikate maskini anayejaribu kuishi Kikristo katika mji usiompenda. Pembeni mwa kurasa palikuwa na maneno madogo ya penseli ya zambarau, ukurasa hadi ukurasa.

"Mie sijui kusoma," alisema Bi Agnesi. "Marehemu alikuwa akinisomea jioni, kidogo kidogo, na huku anaandikaandika hapo pembeni. Nikimuuliza unaandika nini, hunambia mambo ya kazi."

"Na mbona unakubali kuniazima?"

"Kwa sababu tangu afe kimekaa tu. Kisomwe. Lakini kirudi, mwanangu. Hicho ndicho alichoniachia."

Nilimpa kadi. Hakuweza kuisoma, lakini aliigeuza pande zote, akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

Tulifungua mapema mwaka 1965. Nilikuwa na kanuni moja, nami nawarithisha: usimpendekezee mtu kitabu ambacho hujakisoma mara mbili. Mara ya kwanza unakisoma kwa ajili yako, mara ya pili unakisoma ukimfikiria yeye. Wasomaji wangu hawakushika majina ya vitabu. Waliviita kwa kazi ya mtu aliyemo: cha mwokaji, cha muuguzi, cha mlinzi wa mnara. Nilibishana nao miezi miwili, kisha nikaandika hivyo hivyo kwenye orodha yangu. Diploma haikunifundisha jambo hilo, lakini ilinipa akili ya kulitambua.

Aliyefiwa nilimpa cha muuguzi, kwa sababu kile kinakaa na huzuni kurasa arobaini nzima bila kumwambia mtu anyamaze kulia. Aliyegombana na nduguye alipata cha mlinzi wa mnara, ambamo ndugu wawili wasiosemeshana wanawasha taa moja ya bahari, na mmoja wao anajifunza kusali kwa kukosa mtu mwingine wa kuzungumza naye. Kijana mwenye maswali magumu nilimpa barua za mwalimu mmoja aliyeishi na shaka miaka mingi na hakuacha kwenda kanisani. Kitabu kile hakijibu kila swali, na hiyo ndiyo sifa yake. Vijana wananusa upesi kitabu kinachojidai kujua yote. Waandishi wa vitabu vya dini wengi hawalijui hilo, na hawakuniuliza.

Asiyependa kusoma kabisa alipewa cha mwokaji. Mtu wangu mgumu wa kwanza alikuwa Matiasi, kuli wa bandarini, ambaye aliingia chumbani kukimbia mvua.

"Mimi vitabu vinanilaza," alinambia.

"Chukua hiki. Kikikulaza, lala."

Akarudi siku ya tatu, amekasirika. "Yule mwokaji kwa nini alimpa unga mtu aliyemvunjia tanuri?"

"Wewe ungefanya nini?"

"Ningempiga."

"Halafu?"

Akafikiri, maji yanamchuruzika bado, maana Matiasi alikuja siku za mvua tu. "Halafu ningempa unga. Lakini kwanza ningempiga."

Alikisoma mara nne. Baadaye akawa anawasomea kwa sauti makuli wenzake, Waislamu karibu wote, wakati wanasubiri meli ifunge gati, na siku moja wakamtuma kwangu aulize kama yule mwokaji alikuja kuoa. Hapo baba mdogo alikuwa ameshashindwa mawili kati ya matatu. Nilipita nyumbani kwake kumjulisha. Alinikaribisha chai kutoka birika la mama yangu.

Lakini kitabu kinachosomwa huchakaa. Kufikia 1966 nusu ya vitabu vile vilikuwa vinapukutisha kurasa, nami chuoni nilifundishwa kupanga vitabu, si kuvishona. Uchochoro wa pili kutoka kanisani alikuwepo Fundi Ameir, mtu wa Kizimkazi kusini mwa kisiwa, mjalidi wa vitabu. Kazi yake kubwa ilikuwa kujalidi misahafu. Nikaenda kwake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Wee ndiye yule mwenye karatasi ukutani?"

"Ndiyo. Ni diploma."

"Inashona?"

"Haishoni."

"Basi iache huko huko. Kaa."

Nilikaa kwake alasiri zangu miaka mingi. Alinifundisha kupaka uzi wa katani nta kabla ya kushona, kukunja karatasi kwa mfupa ili isivunjike, na kubana kitabu kati ya mbao mbili mpaka kitulie. Gundi alipika mwenyewe, unga wa ngano na maji, akatia mrututu, ile dawa ya buluu, kiasi cha ncha ya kisu. Mende akiionja harudi kuwasimulia wenzake. Nyuma ya vitabu rafuni alimwaga karafuu kavu. Kitabu kilicholowa alinikataza kukianika juani. Kisimamishe kivulini penye upepo, kimefunguka, na kila kurasa kumi utie karatasi kavu. Masika tatu zilipita juu ya paa bovu la chumba changu, na sikupoteza hata kitabu kimoja. Fanyeni hivyo hivyo. Mashine zenu za upepo zikizimika, karafuu haihitaji umeme.

Jambo moja sikulielewa. Kila jioni Fundi Ameir alifagia mara mbili. Kwanza alikusanya kwa mkono vipande vyote vya karatasi, akavitia kwenye gunia la karafuu lililotundikwa msumarini. Kisha ndipo alipochukua ufagio. Nilidhani vile vipande anawauzia wauza njugu. Sikumuuliza. Mtu mwenye diploma haulizi habari za takataka.

Mwaka 1968 Fundi alikwenda kwao kukoga mwaka, ile sherehe ya kuoga baharini, kama watu wa kusini wanavyofanya kila mwaka wa Kiswahili unapogeuka. Aliniachia ufunguo kwa siku tatu. "Shona, bandika, bana," alisema. "Kisu kikubwa usikiguse mpaka nirudi." Kisu kikubwa kilikuwa cha kukatia kingo za vitabu baada ya kujalidi, chenye mpini mrefu wa kubonyeza kwa uzito wa mwili.

Nilishona vitabu kumi na viwili. Vilipendeza, ila kingo zake hazikuwa sawa, nami nilikumbuka vitabu vya chuoni kwetu, vilivyonyooka kama meza. Nikakigusa kisu. Nilikata kila kitabu kiasi cha upana wa kucha, pande zote tatu, na viliponyooka nilivipanga mlangoni ili wapita njia wavione. Fundi aliporudi alivitazama, akasema, "Vimenyooka," akaokota vipande vyangu sakafuni kama desturi yake.

Wiki mbili baadaye nilifungua kile cha mwokaji, mojawapo ya vile kumi na viwili. Maneno ya zambarau, ambayo sikuwahi kuyasoma kwa kuyadhani mambo ya kazi ya katekista, yalikuwa yamekatwa. Kurasa za kushoto zilipoteza mianzo ya maneno, za kulia zilipoteza miisho. Nikasoma "cheka hapa" bila kujua nani anacheka. Nikasoma "A. kas" na baada yake hapana kitu. Nilidhani nimeharibu mafafanuzi mazito ya katekista juu ya imani, kazi ya maisha yake, kwa sababu ya kupenda kingo zilizonyooka. Nilikifungia kabatini.

Miaka miwili iliyofuata Bi Agnesi aliniuliza kila Jumapili baada ya ibada, "Kitabu changu hakijambo?" Nami nikamjibu, "Hakijambo, Bi Agnesi. Kinasomwa." Nimefanya kazi hii miaka mingi, na uongo wangu wa kazini ni huo. Ni mmoja, lakini niliusema mara nyingi.

Wakati huo rafu zangu zilikuwa zinajaa. Wapiga chapa wa bara waliniletea vitabu kwa sababu niliwaandikia barua zisizokwisha. Waliokuwa wanahama waliniachia vyao, na hao hawakutaka kadi. Kufikia 1970 nilikuwa na vitabu zaidi ya mia mbili vilivyo mali ya maktaba, na sikuwahitaji tena walioniazima. Basi Jumapili moja nikasimama mbele ya waumini wote na kutangaza kwamba mwezi ujao nitarudisha vitabu vyote thelathini na vinne, kila kimoja kizima kuliko kilivyokuja. Nilipokwisha kukaa ndipo nilipokumbuka kilichomo kabatini.

Wiki ile ile Bi Agnesi alikuja maktaba. Nyumba yake ya Kikwajuni ilitakiwa kupisha majengo mapya, na yeye anahamia kwa binti yake, mtaa wa Mpendae.

"Nimekuja unisomee kidogo kabla sijahama," alisema. "Hadithi nnaijua. Nisomee ya pembeni."

Nilikitoa kitabu. Nikajiambia, hajui kusoma, hatajua. Nikafungua katikati, nikakohoa, nikasema, "Hapa ameandika kwamba neema humshukia mnyenyekevu kama mvua ya vuli inavyoishukia ardhi iliyopasuka kwa kiu."

Bi Agnesi alinitazama. "Kilemensi kaandika hivyo?"

"Ndiyo."

"Kilemensi mume wangu?"

"Ndiyo, Bi Agnesi."

Alicheka mpaka akashika meza. "Silvano, mume wangu hakusema maneno mengi namna hiyo hata siku ya harusi yetu. Hebu soma kweli."

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya kisu, ya kingo, na ya miaka miwili ya Jumapili. Nilimwonyesha kwa kidole mahali maneno yalipokatika. Hakucheka tena, wala hakunigombeza. Alishika kitabu mapajani kama mtu anayepima uzito wa mtoto.

"Hivyo vipande viko wapi?"

"Vilifagiliwa."

"Na nani?"

"Fundi Ameir."

"Umemuuliza kavipeleka wapi?"

Sikuwa nimemuuliza. Miaka miwili nilikaa na mtu yule alasiri baada ya alasiri, na sikumuuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri kwamba mwenye diploma alikata kitabu bila kutazama anakata nini.

"Basi nenda ukamuulize," alisema Bi Agnesi. "Mie kungoja nimezoea."

Nilimkuta Fundi anashona msahafu. Sikujua pa kuanzia, nikaanza vibaya.

"Fundi, zile karatasi unazokusanya, huwa unamuuzia nani?"

Aliweka sindano chini. "Kuuza?"

"Kwa wauza njugu."

"Astaghfirullah. Miaka yote umekaa hapa ukidhani nnatoa maandishi watu wafungie njugu?" Alivua miwani yake. "Mie najalidi misahafu. Kipande chenye maandishi huenda kikawa na jina la Mwenyezi Mungu. Hakikanyagwi na hakitupwi. Magunia yakijaa nayapeleka kwetu Kizimkazi, nazika mahali safi."

"Na vipande vya vitabu vyetu?"

"Herufi zenu sizisomi. Ntajuaje kipi kina jina lake na kipi hakina? Naviweka vyote."

Nilikaa chini kwanza. "Vya mwaka ule niliotumia kisu, umeshavizika?"

"Nlitaka kuvizika." Akajishika kiuno. "Mgongo ukakataa kuchimba. Vipo darini kwetu."

Tangu siku hiyo sijamlaumu mtu yeyote kwa maumivu ya mgongo.

Tulikwenda Kizimkazi pamoja. Mkewe, Bi Mwanakheri, alitandika majamvi uani, tukamwaga magunia matano juu yake. Mabaki ya kila kitabu alichokijalidi Fundi tangu mgongo ukatae kuchimba yalikuwa pale, na yote yananukia karafuu, wala hapana mdudu aliyegusa kipande kimoja. Wanawake wa jirani walikuja kutazama, wakaketi, wakaanza kuchambua. Fundi aliwaambia tunatafuta zambarau tu.

"Kwani kimetokea nini?" aliuliza mmoja wao.

"Huyu kakata kitabu cha mjane," alijibu Bi Mwanakheri.

"Huyu? Na anaonekana kasoma."

"Ana diploma."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Sijui, lakini haishoni. Fundi kanihadithia."

Walicheka vizuri, na mikono yao haikusimama. Kisu kikubwa kilikuwa kimekata kurasa nyingi kwa pamoja, hivyo vipande vingi vilikuwa bado vimelaliana kwa mpangilio, kama pakiti nyembamba. Kwa siku mbili tulivipata vyote isipokuwa vitatu. Niliwashukuru wale wanawake kwa maneno marefu, na Bi Mwanakheri akanambia nifanye haraka, gari ya shamba ya kurudi mjini inaondoka.

Kazi ya kuunga ilichukua miezi. Kila kipande kiliungwa na ukurasa wake kwa karatasi laini na gundi nyepesi, kikabanwa, kikangojewa kukauka, kisha kinachofuata. Ukurasa wa kwanza ulipokauka, niliyasoma maneno mazima, nikaacha kazi, nikamsomea Fundi. Alicheka, kisha akafuta macho kwa vidole vyenye gundi ya mrututu, jambo nisilolipendekeza. Sitawaambia bado tulisoma nini. Bi Agnesi anastahili kusikia kabla yenu.

Ule mwezi niliotangaza ulipita, nami sikurudisha kitu. Baba mdogo Yohana alifurahi kwa majuma mengi. Barazani kwake nilikuwa mfano wa mafundisho.

Kisha ikaja Jumapili ya 1971 ambayo ninaikumbuka kuliko siku ya diploma, na mnajua nikisema hivyo nimesema kubwa. Nilipakia vitabu thelathini na vinne kwenye gari la kukokota. Nilianzia kwa baba mdogo. Kitabu chake cha sala nilikuwa nimekishona upya, kikapata jalada jeusi na utepe. Alikigeuza, akakifungua ukurasa kwa ukurasa akitafuta kasoro, akakifunga.

"Hiki si changu. Changu kilikuwa kibovu."

"Ni chenyewe, Baba mdogo. Utambi wako huu hapa."

Aliutazama utambi muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akatoka na birika la mama yangu, limeoshwa, akanipa. Mkewe aliniambia baadaye kwamba wiki hiyo walichemshia chai kwenye sufuria.

Nyumba tisa nyingine zilifuata, na kila nyumba nilipokea kadi yangu na kuichana mlangoni. Jioni ilipokaribia, mimi na Fundi Ameir tulifika Mpendae na kitabu kimoja kilichobaki.

Bi Agnesi alitukaribisha kwenye kibaraza cha binti yake. Alikipokea, akakifungua, akapitisha kidole pembeni mwa ukurasa mpaka akaisikia ile alama nyembamba ya kuunga.

"Hapa ndipo ulipokata."

"Ndipo hapo."

"Na hapa ndipo mlipounga." Akamwangalia Fundi. "Ahsante, Fundi."

"Mshukuru mgongo wangu," alisema Fundi.

"Haya, Silvano. Ya pembeni. Na safari hii usiniongezee mvua."

Nikafungua, nikasoma maneno ya zambarau kama yalivyo.

"'A. kacheka hapa.'"

Nikageuza ukurasa.

"'A. kasinzia. Rudia kesho.' Hapa ameandika, 'A. kauliza unga ulitosha watu wangapi. Sikujua.' Na hapa, 'A. kamkasirikia mwokaji. Naona ana haki.' Hapa, 'A. analia. Nimesoma polepole.'"

Kitabu kizima kilikuwa hivyo. Hapakuwa na mafafanuzi ya imani hata mstari mmoja. Katekista yule, aliyefundisha kanisa zima, alikaa kila jioni na mkewe asiyejua kusoma, akaandika kila mahali Agnesi wake alipocheka, alipouliza na alipolala. Nilisoma karibu yote, na zile sehemu tatu ambazo vipande havikupatikana nilimwambia kweli, hapa hapajulikani. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayejua mwenyewe alifanya nini hapo.

"Mambo ya kazi," alisema Bi Agnesi taratibu. "Mwongo mkubwa yule."

Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa kadi yangu. Ilikuwa imelainika kama kitambaa. Akanipa, nami sikuichana. Ninayo mpaka leo, na baada ya kustaafu nimeitundika nyumbani, upande wa dirisha, na diploma iko chini yake.

"Umelipa," alisema. "Na hapo mwisho kabisa, ukurasa wa mwisho, hapana kitu?"

Pana. Nilikuwa nimeuacha makusudi.

"'A. kasema tuanze tena.'"

Bi Agnesi akamsogezea Fundi Ameir kigoda, kisha mwenyewe akaegemea ukuta, akakunja mikono.

"Basi anza," alisema.

Nikafungua ukurasa wa kwanza.